Tundu la Jino Huanza Wapi, na Kuziba Hutibu Nini

Mtu mwenye jino bovu, Unguja na Pemba, husema jino lake limeliwa na mdudu. Msemo huu ni wa kale na si wetu peke yetu, kwani imani ya kuwa ndani ya jino mna mnyoo unaotafuna imo hata katika vibao vya udongo vya Babeli, vilivyoandikwa maelfu ya miaka iliyopita. Nauchukulia kwa uzito, kwa sababu nusu yake ni kweli, na nusu ya pili ndiyo inayotupeleka kwa daktari wa meno tukiwa tumekwisha chelewa. Anayeamini kuwa mdudu ameingia jana usiku huanza kuhesabu maradhi kuanzia jana usiku, yaani tangu maumivu yalipoanza, ilhali jino hilo huenda lilikuwa likiharibika kimya kimya kwa mwaka mmoja, miwili au zaidi.

Iliyo kweli ni kwamba viumbe hai vinahusika. Ule utando laini unaonata juu ya meno, ambao wazee wetu waliuita ukoga, umejaa bakteria kwa mamilioni, na baadhi yao, khasa aina ambayo mtafiti wa Uingereza J. Kilian Clarke aliieleza mwaka 1924 na kuipa jina la Streptococcus mutans, hupenda sukari kuliko chakula kingine chochote. Isiyo kweli ni kwamba viumbe hivyo hula jino. Wanachokula ni sukari tunayowapa wenyewe, na wakishaila hutoa tindikali, nayo tindikali ndiyo inayoyeyusha jino. Maelezo haya yaliwekwa wazi mwaka 1890 na W. D. Miller, daktari wa meno wa Kimarekani aliyefanya kazi Berlin, na msingi wake haujapinduliwa tangu hapo. Kwa hiyo hapana mdudu wa kufukizwa wala wa kutolewa kwa kijiti. Anayemchokoa jinoni kwa sindano ya kushonea au njiti ya kiberiti hulipanua tundu, na huweza kuusukuma uchafu karibu zaidi na mshipa.

Jino likipasuliwa katikati, mpangilio wake unafanana na wa nazi. Nje kuna ganda gumu liitwalo enameli, ambalo ni mfano wa kifuu. Ndani yake kuna dentini, iliyokaa mahali pa nyama ya nazi. Na katikati kabisa kuna kiini chenye mishipa ya fahamu na ya damu, pale ambapo katika nazi pangekuwa na maji. Enameli ndiyo sehemu ngumu kuliko zote mwilini, kwani takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini ya kalsiamu na fosfeti, ijapokuwa hata pale iliponenepa zaidi, juu ya vilele vya magego, unene wake ni kama milimita mbili na nusu tu. Chembe hai zilizoijenga hupotea jino linapochomoza, kwa hiyo enameli iliyokatika haiungi kama mfupa unavyounga. Dentini ni laini zaidi, madini yake yakiwa kama asilimia 70, na imejaa mirija myembamba isiyoonekana kwa macho, yote ikielekea kwenye kiini.

Mpangilio huu ndio unaoeleza kwa nini tundu hudanganya. Tindikali huipenya enameli polepole, lakini uozo ukishafika kwenye dentini hukuta njia laini na hutambaa pembeni chini ya ganda, kama mchwa anavyoila nguzo ya nyumba kwa ndani na kuiacha rangi ya nje ikiwa salama. Mgonjwa akijitazama kwenye kioo huona nukta nyeusi ndogo kama kichwa cha pini, naye hujipa moyo. Siku moja anatafuna kipande cha boflo, kitu laini kabisa, na ukuta mzima wa jino unameguka. Hushangaa jino limevunjwaje na mkate, na jawabu ni kwamba ganda lilikuwa limebaki bila kitu cha kulibeba chini yake.

Sasa tuitazame tindikali yenyewe, kwa sababu hapa ndipo penye elimu yenye faida kubwa kuliko yote. Ukali wa tindikali hupimwa kwa kipimo cha pH, ambapo 7 ni maji safi, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo ukali unavyozidi. Mate ya mtu mwenye afya hukaa karibu na 7. Mpaka wa hatari kwa enameli ni 5.5 au karibu na hapo: ukoga ukishuka chini ya mpaka huo, jino huanza kupoteza kalsiamu na fosfeti; ukipanda tena juu yake, mate, ambayo yamebeba madini yale yale, huanza kuyarejesha. Katika miaka ya 1940 mtafiti wa Marekani Robert Stephan aliupima ukoga wa watu waliosukutua kwa maji ya sukari, akaona kuwa tindikali hupanda ndani ya dakika chache tu, kisha huchukua nusu saa hadi saa nzima kurudi mahali pake. Jino basi limo katika biashara ya kutoa na kupokea tangu asubuhi hadi usiku, na tundu ni hesabu ya hasara iliyorundikana kwa miezi mingi, wakati kutoa kulipozidi kupokea.

Wachukue watu wawili wenye mazoea tofauti. Wa kwanza hunywa kikombe cha chai ya maziwa chenye vijiko vitatu vya sukari, pamoja na maandazi, saa moja asubuhi, akamaliza na kuondoka. Wa pili ana sukari ile ile, vijiko vitatu vile vile, lakini birika lake liko dukani naye hunywa funda moja kila baada ya robo saa hadi adhana ya adhuhuri. Kwa mizani ya duka wamekula sukari sawa. Kwa mizani ya jino, wa kwanza amepata pigo moja na mate yamelirekebisha kabla ya saa tatu, na wa pili amekaa chini ya mpaka wa 5.5 karibu asubuhi yote, bila nafasi ya jino kupokea chochote. Ndiyo maana daktari anayejua kazi yake huuliza "mara ngapi?" kabla ya kuuliza "kiasi gani?", nami naona swali hilo moja lingetufaa zaidi kuliko makaripio yote ya jumla kuhusu utamu.

Jambo hili lilithibitishwa kwa njia ambayo leo isingeruhusiwa. Katika hospitali ya Vipeholm nchini Sweden, kuanzia katikati ya miaka ya 1940 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, wagonjwa wenye ulemavu wa akili, ambao hawakuwa na uwezo wa kuridhia, walilishwa sukari kwa namna mbalimbali ili meno yao yatazamwe yanavyooza. Walioila pamoja na milo hawakuathirika sana. Waliopewa pipi laini zinazonata kati ya milo waliharibikiwa na meno kwa wingi. Tunachokijua leo kuhusu pipi kilinunuliwa kwa meno ya watu hao, na nadhani ni wajibu kulitaja hilo kila tunapokitumia.

Ukiishika hesabu hiyo, vyakula vyetu hujipanga kwa utaratibu usiotarajiwa. Kipande cha halua ya Wete kinacholiwa mara moja na kufuatiwa na kahawa chungu na maji hakina madhara makubwa kama inavyodhaniwa. Ubuyu wa rangi, unaofyonzwa punje baada ya punje njia nzima ya kutoka skuli, ni mbaya zaidi, kwa kuwa una sukari juu na ukali wake wenyewe chini, tena hudumu mdomoni kwa muda mrefu. Pipi inayowekwa shavuni ni hivyo hivyo. Soda huleta tindikali yake pamoja na sukari. Tende hunata katika mifereji ya magego, basi anayefuturu kwa tende tatu na kuzifuatishia maji na chakula hajifanyii kosa, lakini anayeendelea kuchukua moja moja hadi baada ya tarawehe anapaswa kujua anachokifanya. Katika Ramadhani mimi huogopa zaidi usingizi wa baada ya daku, kwa sababu mate hupungua sana mtu anapolala, na uji wa sukari au kaimati zilizobaki kwenye magego hukuta ulinzi haupo. Kwa sababu hiyo hiyo chupa ya maziwa yenye sukari anayolala nayo mtoto mchanga huyaozesha meno ya mbele ya juu kwa kasi ambayo huwashangaza hata wazazi waangalifu.

Kabla ya tundu kuna hatua ambayo watu wachache huijua. Enameli inayopoteza madini hugeuka kwanza kuwa doa jeupe lisilong'aa, kama chokaa, aghalabu karibu na ufizi au katika mfereji wa gego. Hapo ganda bado halijatoboka, na maradhi yanaweza kurudishwa nyuma bila kuchimba wala kuziba, kwa kupunguza mapigo ya sukari, kuuondoa ukoga, na kutumia floraidi. Floraidi husaidia madini kurudi, na enameli iliyojengwa upya pamoja nayo huyeyuka kwa tabu zaidi kuliko ile ya mwanzo. Dawa ya meno yenye nguvu ya kutosha huandikwa kwenye boksi lake kiwango cha 1,000 hadi 1,500 ppm, yaani sehemu za floraidi katika kila sehemu milioni za dawa. Isiyoandikwa kitu, hata ikiwa na harufu nzuri, husafisha tu. Mtu mzima apige mswaki mara mbili kwa siku, mara moja ikiwa kabla ya kulala, kisha ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floraidi isiondoke. Mtoto wa chini ya miaka mitatu atiwe kiasi cha punje ya mchele, na akipita hapo kiasi cha punje ya njegere. Wapo wanaoiogopa floraidi kwa sababu wamewaona watu wa Arusha au Kilimanjaro wenye meno ya kahawia. Rangi ile huletwa na maji ya kunywa ya maeneo ya volkano, yaliyonywewa tangu utotoni meno yakiwa bado yanaumbwa, wala haitokani na dawa ya meno inayotemwa.

Kuhusu mswaki wa mti, ambao ndio uliokipa jina hata hiki cha plastiki, naomba usidharauliwe. Ukitafunwa hadi nyuzi zake zikalainika na kutumiwa kwa subira, huuondoa ukoga vizuri katika nyuso za nje za meno. Udhaifu wake ni nyuma ya magego na upande wa ulimi, ambako hufika kwa shida. Anayeutumia kwa kufuata Sunna anaweza kuendelea nao mchana kutwa na bado akapiga mswaki wenye dawa asubuhi na usiku.

Maumivu huja baadaye, na namna yake hueleza uozo umefika wapi. Enameli haina hisia yoyote, kwa hiyo tundu lililomo ndani yake tu haliumi. Uozo ukiingia kwenye dentini, maji baridi au kitu kitamu huleta uchungu mkali unaokatika mara baada ya kumeza, kwa sababu majimaji yaliyomo katika ile mirija myembamba hutikisika na kuuamsha mshipa. Huu ndio wakati mzuri wa kuziba. Maumivu yakianza kubaki kwa dakika nyingi baada ya maji kumezwa, au yakimwamsha mtu usiku na kupigapiga kama moyo, kiini kimevimba ndani ya kijumba kigumu kisichotanuka, na mara nyingi hakitarudi kuwa kizima. Kisha huja hatua inayopotosha kuliko zote, nayo ni maumivu kukatika yenyewe. Mgonjwa humshukuru Mungu na kuahirisha safari ya hospitali, na kumbe kiini kimekufa, na bakteria wanashuka kwenye mzizi kutengeneza usaha. Jino hilo huweza kutulia kwa miezi mingi kabla ya shavu kuvimba. Uvimbe ukishuka chini ya taya, au ukimfanya mtu ashindwe kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri, aende hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku wa manane, kwa kuwa hali hiyo inaweza kuua.

Hapa ndipo karafuu inapoingia. Bibi yangu, mchumaji wa karafuu wa Pemba kwa umri wake wote, alikuwa akitutilia punje kavu juu ya jino linalouma na kutuamuru tuibane polepole hadi ulimi ufe ganzi. Hakukosea. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, yale ambayo kisiwani kwetu hukenekwa kutokana na makonyo, ni kemikali iitwayo yujenoli, ambayo kweli hutuliza mshipa na kudhoofisha bakteria. Madaktari wa meno wa dunia nzima wameichanganya na unga wa oksidi ya zinki kwa zaidi ya karne moja ili kupata ujazo wa muda, na ndiyo sababu vyumba vingi vya tiba ya meno, hata katika nchi ambazo hazijawahi kuuona mkarafuu, hunukia karafuu. Lakini karafuu huondoa habari ya maradhi na kuyaacha maradhi yenyewe yakiendelea, kwani haiwezi kulijenga tena ganda lililoyeyuka. Mafuta yake yakimwagwa kwa wingi huunguza ufizi na shavu. Tena mgonjwa amwambie daktari kuwa ameyatumia, kwa sababu yujenoli huzuia baadhi ya vifaa vya kuzibia visigande sawasawa. Ni dawa ya usiku mmoja wa kungojea boti au gari ya asubuhi, na kwa usiku huo ni nzuri.

Kuziba jino ni kazi yenye sehemu mbili, na ya kwanza ni kuondoa. Daktari hulitazama jino, mara nyingi kwa msaada wa picha ya eksirei, kwa kuwa uozo ulio kati ya meno mawili hauonekani kwa macho; kisha hupiga sindano ya ganzi iwapo uozo umeingia ndani, na kusafisha kwa mashine au kwa zana za mkono hadi apate kingo imara. Zamani kila chembe laini ilikwanguliwa. Siku hizi madaktari wengi huacha tabaka jembamba la dentini laini juu ya kiini pale tundu lilipokwenda chini sana, kwa maana bakteria waliofungiwa chini ya ujazo usiopitisha kitu hukosa sukari na kulala, na kukitoboa kiini ni hasara kubwa kuliko kuwaacha humo. Mgonjwa anayeambiwa hivyo asidhani kuwa kazi imefanywa nusu.

Sehemu ya pili ni kujaza, na hapo watu huuliza ni kifaa kipi kilicho bora. Swali hilo halina jibu moja. Amalgamu, ule ujazo wa rangi ya fedha, ni mchanganyiko ambao karibu nusu yake ni zebaki na inayobaki ni unga wa fedha, bati na shaba. Umetumika tangu karne ya 19, ni imara sana katika magego, na huvumilia tundu lenye unyevu kidogo kuliko vifaa vingine. Kasoro yake ni kwamba haushikamani na jino wenyewe, hivyo daktari hulazimika kukata umbo la kuubania, akiondoa kiasi cha sehemu ya jino isiyooza. Na zebaki yake, inapotupwa, huingia katika ardhi na bahari. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, ulizitaka nchi wanachama ziupunguze, na Umoja wa Ulaya uliuzuia kuanzia Januari 2025. Mwenye ujazo kama huo ulio mzima mdomoni hana sababu ya kukimbilia kuutoa, kwa kuwa kuutoboa ndiko kunakotoa mvuke mwingi wa zebaki kuliko kuuacha ulivyo.

Kompositi ni ujazo wenye rangi ya jino. Ulitokana na kazi za Michael Buonocore, aliyeonyesha mwaka 1955 kuwa enameli ikipakwa tindikali kwa muda mfupi hupata vishimo vidogo vya kunasia gundi, na za Rafael Bowen, aliyetengeneza utomvu wake mapema katika miaka ya 1960. Huwekwa tabaka baada ya tabaka na kugandishwa kwa taa ya buluu. Hupendeza, na huhitaji kukata jino kidogo tu, lakini hautaki mate hata tone moja wakati wa kuwekwa, na hutaka umeme, taa nzuri na mikono isiyo na haraka. Kompositi iliyowekwa katika tundu lililolowa huanza kuvuja pembezoni mapema, na mgonjwa hulaumu kifaa wakati kosa lilikuwa katika unyevu.

Kifaa cha tatu ndicho ninachotamani kijulikane zaidi kwetu. Glasi-ionoma ni saruji ya unga wa kioo na tindikali laini, iliyobuniwa London na Alan Wilson na Brian Kent mwishoni mwa miaka ya 1960. Hushikamana na jino kwa kemia yake yenyewe, huvumilia unyevu, na huachia floraidi kidogo kidogo kwenye kingo za tundu. Huisha kwa kusagika upesi kuliko hivyo viwili, khasa katika matundu makubwa ya kutafunia. Thamani yake kwa vijiji na visiwa imeonekana katika njia iliyoanza katikati ya miaka ya 1980, tena hapa hapa Tanzania, pale wataalamu wa meno waliposafisha matundu kwa zana za mkono tu, bila mashine na bila umeme, na mara nyingi bila sindano, kisha wakayajaza. Njia hiyo, iliyoanzia katika mazingira yetu, ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994, ambao kauli ya Siku ya Afya ilihusu kinywa, na leo inafundishwa duniani kote. Mwaka 2021 shirika hilo liliiingiza saruji ya glasi-ionoma katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na ile dawa ya maji ya fedha na floraidi ambayo, ikipakwa juu ya uozo wa mtoto, huusimamisha na kuuacha mweusi. Kwa hiyo mtu wa Micheweni au Makunduchi anayezibwa jino skulini kwa zana za mkono, akiwa juu ya meza chini ya dirisha, asione kuwa amepewa tiba ya mtu masikini. Kwa tundu dogo lililo upande mmoja tu wa jino, matokeo yake ni mazuri.

Baada ya kuzibwa, jino huweza kuhisi baridi kwa siku kadhaa au hata wiki mbili tatu, nalo ni jambo la kawaida mradi hisia inapungua. Lisilo la kawaida ni jino linalogusa kabla ya mengine wakati wa kuuma. Hilo halizoeleki, na daktari hulisawazisha kwa dakika mbili. Maumivu ya usiku yanayoongezeka humaanisha kuwa kiini hakikuweza kuokolewa, na hapo hubaki njia mbili, ama kusafisha mizizi na kuiziba kwa ndani, ama kung'oa. Wengine hukataa kuguswa jino la juu kwa hofu ya kupofuka. Mshipa wa fahamu wa meno ya juu na ule wa kuonea ni mishipa miwili tofauti, na kinachoweza kulidhuru jicho ni usaha ulioachwa uenee.

Jambo ambalo mgonjwa huambiwa kwa nadra ni kwamba ujazo haujafanya lolote kuhusu ule ukoga na ile chai. Umefunga tundu, umelirudishia jino umbo la kutafunia, na umeondoa shimo ambalo mswaki haukuweza kulifikia. Biashara ya kutoa na kupokea inaendelea pale pale, na mahali panapoathirika kwanza ni kwenye mpaka wa ujazo na jino, ambapo uozo mpya huanza bila kuonekana. Jino linalozibwa upya kila baada ya miaka michache hupoteza ukuta kidogo kila mara, hadi siku ambayo hapana cha kushikilia ujazo. Niliwahi kuzibwa gego moja mara tatu katika zahanati moja, na hakuna mara hata moja niliyoulizwa ninakula nini au ninapiga mswaki saa ngapi. Gego hilo sinalo tena.

Gego ambalo hupotea namna hii mara nyingi zaidi ni lile linalochomoza mtoto akiwa na umri wa karibu miaka sita. Huota nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila kuling'oa lolote, kwa hiyo wazazi wengi hulihesabu kuwa ni la utoto na kusema litadondoka lenyewe. Halidondoki, ni la kudumu, na hakuna jingine litakaloota mahali pake. Huja likiwa na mifereji mirefu, na kwa miezi kadhaa hubaki chini kidogo kuliko majirani zake, mahali ambapo mswaki hupita juu yake bila kuligusa. Kulitambua ni rahisi: mlaze mtoto mapajani, kichwa kikielekea kwenye mwanga wa dirisha, umfungue mdomo na kuhesabu kuanzia katikati, meno matano kila upande. La sita ndilo. Likaushe kwa kitambaa safi na utazame mifereji yake; ikiwa kuna weupe wa chokaa au weusi ulionasa, mpeleke wiki hiyo hiyo, mtoto akiwa bado halalamiki.